Masasisho makubwa kwenye intaneti ya polepole: kutambua dalili na kuondoa vyanzo vyake

Mtu mwenye intaneti ya polepole anapolalamika kwamba masasisho ya programu yamemshinda, kwa kawaida amekusanya matatizo kadhaa tofauti chini ya lalamiko moja. Kuna ambaye kasi yake kweli haitoshi. Kuna ambaye kasi inatosha ila muunganisho hukatika mara kwa mara na upakuaji huanza upya. Kuna mwenye mashine sita zinazopakua faili lilelile mara sita. Na kuna ambaye intaneti haina kosa lolote, ila diski yake imejaa. Hatua inayomfaa mmoja yaweza kumwongezea mwingine hasara, na ndiyo maana mwongozo huu unatanguliza dalili kabla ya kugusa mpangilio wowote. Katika karibu kila dalili itaonekana kanuni ileile: kila baiti ipite katika njia hiyo nyembamba mara moja tu. Sehemu kubwa ya muda unaopotea hupotea kwa kupakua tena kitu ambacho kilikwisha kufika.

Pima kabla ya kurekebisha

Kampuni za intaneti hutangaza kasi kwa biti, ilhali kompyuta huonyesha ukubwa wa faili kwa baiti, na baiti moja ina biti 8. Kasi ya megabiti 1 kwa sekunde ni kilobaiti 125 kwa sekunde; kwa hiyo gigabaiti 1 huhitaji sekunde 8,000, yaani takriban saa 2 na dakika 13, hata kama hakuna kitu kingine kinachotumia njia hiyo. Kwa kasi ya kilobiti 512, gigabaiti hiyohiyo huchukua takriban saa 4 na dakika 20. Hali halisi huwa mbaya kidogo kuliko hesabu, kwa sababu data husafiri kwa vipande vidogo viitwavyo pakiti, na sehemu ya kila pakiti ni taarifa za anwani na udhibiti, wala si maudhui ya faili.

Zima vifaa vingine, unganisha kompyuta na ruta kwa waya, kisha upakue faili la ukubwa unaojulikana na kuandika muda uliotumika. Rudia kipimo hicho kwa Wi-Fi, na urudie tena usiku wa manane. Ikiwa waya unaishinda Wi-Fi kwa mbali, tatizo liko ndani ya jengo na halihusiani na masasisho. Ikiwa usiku unaushinda mchana kwa mbali, njia ya mtoa huduma imesongamana, na sehemu kubwa ya utatuzi itakuwa kuchagua saa. Ikiwa vipimo vyote vinalingana na hesabu iliyotajwa hapo juu, hakuna kilichoharibika. Una njia nyembamba tu, na kilichobaki ni kupanga kitakachopita humo na wakati wa kupita.

Dalili: sasisho likianza, intaneti yote husimama

Kurasa hazifunguki, sauti ya mazungumzo hukatikakatika, na watumiaji wengine huanza kulalamika. Wengi hudhani kwamba sasisho limemaliza kasi yote, na hilo ni kweli kwa kiasi, ila chanzo kinachoumiza zaidi ni foleni. Ruta na modemu nyingi zina hifadhi ya muda ambamo pakiti husubiri zamu ya kupita. Seva ya masasisho, ambayo kwa kawaida iko kwenye mtandao wenye kasi kubwa, huijaza hifadhi hiyo, na pakiti ndogo ya mtu anayetaka kufungua ukurasa hulazimika kukaa nyuma ya maelfu ya pakiti za sasisho. Kasi iliyopimwa haijabadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni muda wa kusubiri.

Kuthibitisha ni rahisi. Fungua dirisha la amri, tumia amri ya `ping` kuelekea seva yoyote inayojibu, na uangalie milisekunde zinazoonyeshwa kabla ya sasisho kuanza na baada ya kuanza. Iwapo namba hiyo inaruka kutoka makumi hadi mamia au hata maelfu ya milisekunde, foleni ndiyo chanzo.

Tiba ya kwanza ni kuiwekea programu ya masasisho ukomo wa kasi ulio chini ya uwezo wa njia yako. Windows 10 na 11 zina sehemu iitwayo Delivery Optimization ambayo hukuruhusu kuweka kikomo cha upakuaji unaofanyika chinichini. Katika Debian na Ubuntu, ambazo ni aina za Linux, amri ya `apt-get -o Acquire::http::Dl-Limit=60 upgrade` huweka kikomo cha kilobaiti 60 kwa sekunde. Katika Fedora, aina nyingine ya Linux, mstari wa `throttle=60k` ndani ya faili la mipangilio la `dnf`, programu yake ya masasisho, hufanya kazi hiyohiyo, na Steam, duka la michezo ya kompyuta, nayo ina kikomo chake katika mipangilio ya upakuaji. Watu wengi huona uchungu kupunguza kwa hiari kasi ambayo tayari ni ndogo, lakini kukaa kwenye sehemu tatu kwa nne ya uwezo wa njia huongeza muda wa sasisho kwa theluthi moja tu, huku wengine wakiendelea na shughuli zao. Sasisho lisilomsumbua mtu linaweza kuachwa liendelee mchana kutwa. Lile linalosimamisha kila kitu litazimwa na mtu wa kwanza mwenye haraka.

Tiba bora zaidi, kwa mwenye ruta inayoiruhusu, ni kuikabidhi ruta yenyewe kazi ya kupanga foleni. Mbinu ya `fq_codel`, iliyochapishwa kama RFC 8290 mwaka 2018, na ile ya CAKE iliyoifuata, hutenganisha foleni ya kila mawasiliano ili pakiti chache za mtu mmoja zisikwame nyuma ya upakuaji mkubwa wa mwingine. Ruta zinazotumia OpenWrt, mfumo huria wa ruta, hupata uwezo huo kwa kuongezewa SQM, programu ya kusimamia foleni. Weka kasi yake kwenye asilimia 85 hadi 90 ya ile uliyopima, kwenda na kurudi, ili foleni ijengeke mahali ambapo ruta yako inaitawala, badala ya kujengeka kwenye modemu au kwa mtoa huduma ambako huna mamlaka.

Kuna chanzo cha pili ambacho husahaulika: upakiaji. Kila upakuaji hutegemea pakiti ndogo za uthibitisho zinazorudi kwa seva, na ikiwa njia ya kwenda imejazwa na picha za simu zinazohifadhiwa mtandaoni, au na kompyuta inayogawa masasisho yake kwa kompyuta nyingine za mbali, upakuaji nao hudorora. Delivery Optimization ina mpangilio unaoamua iwapo kompyuta itabadilishana masasisho na zile za mtandao wako wa ndani pekee au pia na zile za intaneti. Kwa njia nyembamba, chagua mtandao wa ndani pekee.

Dalili: upakuaji hufika mbali, hukatika, kisha huanza sifuri

Hii ndiyo dalili yenye hasara kubwa kuliko zote. Faili la gigabaiti 4 linalokatika kwenye asilimia 90 mara tatu limekula zaidi ya gigabaiti 10 za bando bila kukupa chochote, na mtumiaji huishia kuamini kwamba anahitaji intaneti ya kasi zaidi, wakati alichohitaji ni chombo kinachokumbuka kilipofika.

Itifaki ya HTTP humruhusu mpakuaji kuomba sehemu ya faili, kwa mfano kuanzia baiti fulani hadi mwisho, na seva inayokubali hujibu kwa namba 206. Kama kiungo cha kupakulia unakijua, amri ya `curl -I` ikifuatiwa na kiungo hicho itaonyesha vichwa vya jibu la seva. Mstari wa `Accept-Ranges: bytes` ni ishara kwamba kuendelea kutoka ulipoachia kunawezekana. Mstari huo usipoonekana, huenda seva haikubali, au kuna proksi, yaani seva ya kati inayopitisha mawasiliano, inayouondoa. Hapo tafuta seva nyingine yenye faili lilelile kabla hujaanza kubahatisha.

Kivinjari si chombo kizuri kwa kazi hii. Kinaweza kuendeleza upakuaji uliokatika, lakini mara nyingi hushindwa kompyuta ikizimika ghafla au kiungo kikiwa cha muda na kimekwisha kuchakaa. `wget -c` huendelea kutoka pale faili lilipoishia, `curl -C -` vivyo hivyo, na aria2 huongeza uwezo wa kuchota kutoka seva kadhaa za faili moja. Weka pia idadi kubwa ya majaribio, ili programu ijaribu tena yenyewe badala ya kukusubiri uamke.

Kwa faili kubwa za usakinishaji, torenti ni bora kuliko yote haya. Debian na Ubuntu hutoa picha zao za diski (faili za usakinishaji) kwa njia hiyo, na sababu ya kuipendelea haihusiani sana na kasi. Faili la torenti limegawanywa vipande, kila kipande kina alama yake ya ukaguzi, na kikiharibika hupakuliwa hicho peke yake. Katika upakuaji wa kawaida, kosa dogo katikati ya faili hugunduliwa mwishoni, wakati baiti zote zimekwisha kulipiwa. Inasikitisha kwamba watu wengi walio kwenye intaneti dhaifu huikwepa torenti kwa kuihusisha na uharamia pekee, ilhali wao ndio inaowafaa zaidi.

Meneja wa vifurushi wa Linux, yaani programu inayopakua na kusakinisha programu nyingine, huwa na tabia nzuri zaidi. `apt` huweka faili zisizokamilika katika `/var/cache/apt/archives/partial` na kuziendeleza safari inayofuata, kwa hiyo usiendeshe `apt-get clean` katikati ya sasisho lisilokwisha, hata kama mwongozo fulani unaipendekeza kama suluhisho la kila kitu. Tenganisha kupakua na kusakinisha: `apt-get --download-only dist-upgrade`, `dnf upgrade --downloadonly` au `zypper dup --download-only` huleta kila kitu kwenye diski bila kugusa mfumo. Amri hiyo yaweza kurudiwa kila inapokatika, na kila mara huendelea na kilichosalia. Usakinishaji hufanywa baadaye, intaneti ikiwepo au isiwepo. Faida nyingine ni kwamba mfumo hauachwi nusu ya zamani na nusu mpya wakati unapobishana na muunganisho.

Dalili: programu inakata tamaa ingawa muunganisho upo

Ujumbe wa kosa husema kwamba muda wa kusubiri umekwisha, au kwamba kasi ni ndogo mno. Hapa mara nyingi hakuna kilichokatika: waliotengeneza programu waliweka kiwango cha subira kulingana na intaneti yao wenyewe. `dnf`, kwa mfano, kwa mipangilio yake ya asili huachana na seva ikiwa kasi inabaki chini ya baiti 1,000 kwa sekunde kwa sekunde 30. Ongeza `timeout` na upunguze `minrate`. Kwa `pacman`, meneja wa vifurushi wa Arch Linux, kuna chaguo la `--disable-download-timeout`, na `pip`, ya vifurushi vya Python, ambayo kwa kawaida husubiri sekunde 15 tu, hupokea `--timeout` yenye namba kubwa zaidi.

Kisha punguza idadi ya faili zinazopakuliwa sambamba. Ushauri wa kawaida ni kuiongeza, nao ni sahihi kwa njia pana iliyo mbali na seva. Lakini kwenye njia nyembamba faili tano zinazogawana kilobaiti 60 hupata 12 kila moja, na zote tano hukaribia ukomo wa subira kwa pamoja. Weka `max_parallel_downloads=1` katika `dnf`, au uondoe `ParallelDownloads` katika `pacman`, ili kila faili likamilike kabla ya lingine kuanza.

Dalili: asilimia haisogei

Kwanza jiulize kama bado ni upakuaji. Masasisho mengi huonyesha mstari mmoja wa maendeleo kwa kazi tatu tofauti, yaani kupakua, kufungua na kusakinisha, na mtu aliyezoea kuilaumu intaneti hudhani imekwama wakati diski ndiyo inayofanya kazi. Angalia shughuli za mtandao na za diski katika kidhibiti kazi: mtandao ukiwa kimya na diski ikiwa imeshughulika, subiri. Kompyuta yenye diski ya zamani ya kuzunguka yaweza kutumia saa nzima katika hatua hiyo.

Vyote viwili vikiwa kimya, soma namba ya kosa. Katika Windows, 0x80072EE2 humaanisha kwamba seva haikujibu kwa wakati, na 0x80070070 humaanisha kwamba nafasi ya diski haitoshi. Hili la mwisho hutokea sana, kwa sababu sasisho huhitaji nafasi ya faili lililobanwa, ya faili zilizofunguliwa, na ya nakala za zamani za kurejelea. Angalia pia saa na tarehe ya kompyuta. Betri ndogo ya ubao mama ikifa, kompyuta hurudi nyuma miaka kadhaa kila inapowashwa, vyeti vya usalama vya seva huonekana batili, na hakuna muunganisho salama unaokubaliwa.

Kuna ushauri unaosambazwa sana wa kufuta folda ya `SoftwareDistribution` kila Windows inapokwama. Ni tiba halali, ila iwe ya mwisho: ndani yake mna kila kitu kilichokwisha kupakuliwa, na kuifuta ni kukubali kulipa upya. Zima na uwashe huduma za Windows Update na BITS (ile inayopakua chinichini) kwanza, anzisha kompyuta upya, ongeza nafasi ya diski, na umpe mfumo usiku mmoja. Yote yakishindikana, simamisha huduma hizo mbili na ubadilishe jina la folda badala ya kuifuta.

Dalili: faili lafika lote, kisha linakataliwa

Katika Debian na Ubuntu ujumbe huwa `Hash Sum mismatch`. Ama seva ya nakala ilikuwa katikati ya kujisasisha yenyewe, hivyo orodha mpya ikakutana na faili za zamani, ama proksi ya mtoa huduma ilikupa nakala iliyochakaa. Subiri saa kadhaa, endesha `apt-get update` upya, na tatizo likirudi badilisha seva au tumia anwani za `https`, ambazo proksi ya kawaida haiwezi kuzihifadhi. Kamwe usizime ukaguzi wa sahihi ili sasisho lipite. Ukaguzi huo ndio unaokuhakikishia kwamba kilichopita kwenye njia hiyo mbovu ni kile kilichotumwa.

Dalili: bando linaisha bila mtu kufanya kazi yoyote

Chanzo karibu siku zote ni programu zinazojisasisha zenyewe, na kinachoziruhusu ni kutojua kwamba muunganisho hulipiwa kwa kipimo. Simu inapogawa intaneti yake, kompyuta mara nyingi huona Wi-Fi kama nyingine yoyote na huichukulia kuwa haina ukomo. Lazima uiambie. Katika Windows, fungua sifa za mtandao husika na uwashe chaguo la muunganisho wa kipimo. Katika Linux zinazotumia NetworkManager, amri ni `nmcli connection modify JINA connection.metered yes`, ambapo JINA ni jina la muunganisho. Mpangilio huu huhusu mtandao mmoja mmoja, kwa hiyo ukinunua modemu mpya au ukibadilisha jina la Wi-Fi ya simu, urudie. Wala usitarajie ukimya kamili: Windows bado yaweza kupakua masasisho machache inayoyaona kuwa ya lazima.

Baadhi ya programu haziufuati mpangilio huo mpaka ziambiwe peke yake. Mfumo wa Snap, unaosakinisha programu katika Ubuntu, kwa mipangilio ya asili, hutafuta masasisho mara nne kwa siku. Amri ya `snap set system refresh.metered=hold` huuzuia kwenye miunganisho ya kipimo, na `snap refresh --hold` huusimamisha mpaka utakapoamua. Katika Android, duka la Google Play lina chaguo la kusasisha kwa Wi-Fi tu, ambalo halisaidii kitu ikiwa Wi-Fi yenyewe inatoka kwenye simu nyingine. Hapo zima usasishaji wa kujiendesha kabisa na usasishe kwa mkono. iPhone zimekuwa na hali ya matumizi madogo ya data tangu iOS 13 ya mwaka 2019. Michezo ya kompyuta isisahaulike: sasisho la mchezo mmoja laweza kuzidi la mfumo mzima, na mchezo ambao haujafunguliwa kwa miezi hauna haki ya kushindania njia na vivinjari vya watu wanaofanya kazi.

Ni hapa ambapo mtu hushawishika kuzima masasisho yote na kuyasahau. Kirusi cha WannaCry kilipoenea tarehe 12 Mei 2017, Microsoft ilikuwa imetoa kiraka cha udhaifu kilioutumia tangu tarehe 14 Machi mwaka huohuo, na mashine za Windows ambazo hazikusasishwa ndizo zilizoumia. Kwa hiyo weka mpangilio wa kutanguliza: kivinjari kwanza, kwa kuwa ndicho kinachokutana na intaneti kila siku, kisha masasisho ya usalama ya mfumo, kisha chochote kinachosikiliza mtandao, ruta ikiwemo. Programu za kuandikia, za picha na za michezo zaweza kusubiri mwezi mzima.

Dalili: ukimaliza moja, lingine limefika

Hapa hakuna hitilafu ya kurekebisha. Kuna uteuzi wa kubadilisha. Firefox ilihamia mwendo wa toleo jipya kila wiki nne mwaka 2020 na Chrome ikafuata mwaka 2021, ilhali Firefox ESR, toleo la muda mrefu, hupokea vipengele vipya takriban mara moja kwa mwaka na kati yake hupata viraka tu. Distro (aina) za Linux zinazosonga bila kukoma, kama Arch na openSUSE Tumbleweed, zaweza kukuletea gigabaiti kadhaa kwa siku moja pale kikusanyaji cha msimbo au maktaba ya msingi inapobadilika na vifurushi vinavyoitegemea kujengwa upya. Ni mifumo mizuri, lakini si kwa kilobiti 512. Debian thabiti, au Ubuntu ya LTS (toleo la muda mrefu) inayotoka kila baada ya miaka miwili, husahihisha makosa bila kubadilisha kila kitu. Anayeng'ang'ania Arch asijaribu kupunguza mzigo kwa kusasisha vifurushi vichache na kuacha vingine, kwa sababu distro hiyo haiungi mkono usasishaji wa nusu nusu, na maktaba zisizolingana zaweza kumfungia nje ya mfumo wake.

Watumiaji wa Windows wana nafuu ambayo wengi hawaitumii. Sasisho la ubora la kila Jumanne ya pili ya mwezi ni limbikizi, yaani hubeba pia yale yaliyotangulia, hivyo anayeruka moja halazimiki kupakua mawili baadaye. Yale ya hiari yanayotolewa baadaye katika mwezi ni onjo la yajayo. Mwenye njia nyembamba ayaache. Usasishaji unaweza pia kusitishwa kwa wiki kadhaa kutoka kwenye mipangilio, muda unaotosha kuusogeza hadi siku ambayo njia itakuwa wazi.

Halafu punguza kilichosakinishwa. Kila programu iliyopo ni ahadi ya masasisho yajayo, na vivinjari vitatu, mifumo miwili ya kazi za ofisi na mkusanyiko kamili wa TeX Live, wa kupangilia maandishi, vitaendelea kudai sehemu yao hata kama havifunguliwi. Kuondoa usichotumia ni sasisho pekee lisilohitaji intaneti.

Dalili: mashine nyingi, sasisho moja, bando mara nyingi

Katika ofisi, darasa au nyumba yenye kompyuta kadhaa, hifadhi moja ya ndani huleta nafuu kuliko kuongeza kasi. Kwa Debian na Ubuntu, sakinisha `apt-cacher-ng` kwenye mashine moja inayowaka muda mwingi, kisha uzielekeze nyingine kwake kupitia mlango wa 3142. Kifurushi cha kwanza kuombwa hupakuliwa, na wote wanaofuata hukipata kwa kasi ya mtandao wa ndani. Kompyuta za Mac zimekuwa na hifadhi ya maudhui ndani ya macOS yenyewe tangu High Sierra ya mwaka 2017, nayo huhudumia pia iPhone na iPad zilizo kwenye mtandao huo. Windows hutumia Delivery Optimization iliyokwisha kutajwa, na Steam tangu mwaka 2023 huweza kuhamisha mchezo kutoka kompyuta moja hadi nyingine bila kutoka nje. Kosa linalokutwa mara nyingi ni kuwasha mashine zote asubuhi kwa wakati mmoja: zote huanza kupakua kabla hata moja haijawa na cha kugawa. Washa moja, iache imalize, kisha washa nyingine.

Njia ikishindwa kabisa: kubeba kwa flashi

Kuna masasisho ambayo hesabu ya mwanzo itaonyesha kwamba hayana maana kupitia njia yako, na hapo faili hubebwa kutoka mahali penye intaneti nzuri. Tovuti ya Microsoft Update Catalog hutoa masasisho ya Windows kama faili za `.msu` ambazo husakinishwa bila muunganisho. Linganisha kwa makini toleo la Windows na aina ya kichakataji kabla ya kupakua. Katika Debian, `apt-get --print-uris dist-upgrade` huorodhesha viungo vya kila kifurushi kinachohitajika, ili vipakuliwe kwenye mashine nyingine na kuwekwa katika `/var/cache/apt/archives`, na programu ya `apt-offline` huifanya kazi hiyo kwa mpangilio zaidi. Andaa orodha hiyo siku ileile utakayopakua, kwa kuwa vifurushi vya zamani huondolewa kwenye seva.

Flashi nyingi huuzwa zikiwa na muundo wa FAT32, ambao haukubali faili linalofikia gigabaiti 4. Nakala ya usakinishaji ya Windows 11 huzidi kiasi hicho, na ujumbe wa kwamba faili ni kubwa mno, hata kwenye flashi tupu ya gigabaiti 32, hutokana na hilo. Iumbize upya kwa muundo wa exFAT baada ya kuhamisha vilivyomo. Kabla ya kuondoka mahali penye intaneti nzuri, kagua alama ya SHA-256 ya kila faili kwa `sha256sum` katika Linux au `certutil -hashfile` ikifuatiwa na jina la faili na neno SHA256 katika Windows, ukilinganisha na alama iliyochapishwa na mtengenezaji mwenyewe. Rudia ukaguzi huo faili likiwa tayari kwenye flashi, baada ya kuichomoa na kuichomeka tena, kwa sababu flashi duni huharibu data bila kutoa onyo lolote.